Nasaba ya Ng'ombe wa Bahasha

Mi sina tabia ya kusema uongo. Tabia ya kukasirika ninayo, hiyo nakubali, na mutu akikasirika mdomo unatoa kilicho karibu. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi ile pale Rohero, mtaa wa wakubwa mjini, tulipokwenda kutoa mahari ya mpwa wangu Trésor.

Trésor ni mtoto wa dada yangu Namegabe, Mungu amrehemu. Baba yake alikufa zamani, na ndugu za baba wako Kongo, hawana hata nauli ya kufika Gatumba hapo mpakani. Kwa hiyo wa kusema mbele ya wakwe nilikuwa mimi, mjomba Byamungu. Kwetu muoaji hasemi siku ya mahari. Anakaa kimya amevaa suti, na msemaji wake anapambana kwa maneno na msemaji wa upande wa binti. Watu wanacheka, wanakunywa, mwisho binti anaitwa kutoka ndani. Ni mchezo, na kila mutu anajua ni mchezo.

Asubuhi Trésor alikuja kunifunga tai. Ni fundi wa friji, kijana wa miaka thelathini, lakini tai aliifunga mara tatu.

"Mjomba, nakuomba kitu kimoja tu. Usikasirike."

"Mi nikasirike kwa nini?"

"Sijui. Kwa Claude ulikasirika."

Claude ni jirani yetu. Nilimsemea mwaka juzi, na ni kweli harusi ilivunjika, lakini aliyeanza si mimi.

"Mama yake Ingrid ameshaahirisha mara mbili," Trésor akasema. "Anasema sisi watu wa Kongo tuna maneno mengi kuliko mambo. Leo ndiyo mwisho. Ikishindikana leo, tusirudi tena. Mjomba, mi bila Ingrid sijui nitakuwa mutu gani."

Roho iliniuma. Nikamshika bega, nikaapa kwa jina la mama yake kwamba leo Ingrid atatoka ndani, hata wanitukane mpaka jioni. Hasira hasara, nikamwambia, mi mwenyewe.

Sasa nieleze huyo ng'ombe. Mahari yetu ni ng'ombe, tangu mababu. Lakini mjini nani atamvuta ng'ombe mpaka Rohero, apite mbele ya mabenki na wizara? Mjini ng'ombe ni bahasha. Noti zimo ndani, na bahasha tunaiita ng'ombe bila aibu yoyote. Tunaisifia rangi na pembe, tunaiombea nyasi. Mi nimeshaona bahasha ikisifiwa chuchu.

Tulifika saa nane. Hema lilikuwa limefungwa uani, viti vimepangwa safu mbili zinatazamana, na chungu cha pombe ya mtama katikati na mirija yake. Mama yake Ingrid, Mama Dévote, mjane, mkubwa wa ofisi fulani ya serikali, alikaa mbele kabisa bila kutabasamu. Msemaji wao wa siku zote, Révérien, mcheshi sana, alikuwa ameshikwa na malaria. Mahali pake wakamweka shemeji wa Mama Dévote, baba mkubwa wa Ingrid, mzee mmoja mwenye miwani na daftari. Wakatuambia ni Profesa Méthode, amestaafu. Hakuna aliyetuambia alikuwa anafundisha nini.

Salamu zikapita. Nikasimama, nikainua bahasha juu.

"Tumekuja na ng'ombe! Mkono mtupu haulambwi! Bihogo huyu, mwekundu, pembe ndefu, akikohoa tu ndoo inajaa!"

Watu wakapiga makofi. Profesa hakupiga.

"Mama yake ni nani?" akauliza. Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni, alisomea Tanzania.

Watu wakacheka. Na mi nikacheka. "Mama yake ni ng'ombe, Profesa."

"Naomba jina. Namba ya sikio. Lita kwa siku katika uzazi wa kwanza, wa pili na wa tatu."

Nikamtazama vizuri nione kama anatania. Apana. Kalamu ilikuwa wazi.

Kumbe huyu mzee alifundisha ng'ombe wa maziwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mutu aliyewahi kumletea ng'ombe na kumwomba maoni yake mbele ya watu themanini. Akasimama. Akaweka miwani sawa.

"Watu wengi wanakosea," akasema. "Wanauliza dume. Dume leo ni nini? Ni mbegu ndani ya mrija, imetoka ng'ambo kwa ndege, mtu anavaa glavu mpaka begani, basi. Dume anatoa nusu yake, anakwenda zake. Lakini ndani ya chembe za mwili kuna vitu vidogo vinavyotengeneza nguvu, vinaitwa mitokondria. Hivyo dume hatoi hata kimoja. Mtoto anavipata kwa mama yake, mama kwa bibi, bibi kwa mama yake, mstari mmoja, haukatiki. Wenzangu wanasema mstari huo unachangia kidogo sana katika maziwa. Mimi nasema wenzangu hawakukaa zizini. Kwa hiyo narudia, bwana Byamungu. Mama yake ni nani?"

Ningeweza kusema sijui. Mutu mwenye akili angesema sijui. Lakini Mama Dévote alikuwa ananitazama kwa macho ya ofisini, kama nimeleta fomu bila muhuri, na masikio yalianza kunichemka. Ati mi, Byamungu, niliyezaliwa kwenye samadi ya ng'ombe, niambiwe sijui mama wa ng'ombe wangu!

"Gaju!" nikasema. "Lita ishirini na nne kwa siku!"

"Alizaliwa mwaka gani?"

"Elfu mbili na kumi na tisa."

"Na mama yake Gaju?"

"Kirezi. Elfu mbili na kumi na nane. Lita ishirini na sita!"

Profesa akaandika, akahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo Kirezi alizaa akiwa na umri wa mwaka mmoja. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Alipandwa akiwa na miezi mitatu, bado ananyonya."

"Alikuwa na haraka," nikasema.

Ni upande wetu tu waliocheka.

"Dume la Bihogo?"

"Si umesema dume hana maana?"

"Kwa ukamilifu wa daftari."

"Hercule! Frizian safi, mweusi na mweupe!"

"Na dume la Gaju, mama yake Bihogo?"

Hapo, bwana, jina lingine lilinikataa. Najua majina mengi ya madume. Lakini wakati ule kichwa kilikuwa cheupe, hakuna kitu ndani, na watu themanini wanasubiri.

"Hercule," nikasema.

Hema zima likaguna. Mama mmoja wa upande wao akafanya ishara ya msalaba.

"Kwa hiyo," Profesa akasema polepole, "ulimpa Hercule binti yake mwenyewe, akamzaa huyu." Akaionyesha bahasha kwa kalamu, kwa huruma kidogo. "Kosa si la ng'ombe. Lakini katika ukoo wetu hatuwezi kumpokea."

Akafunga daftari. Mama Dévote akainama, akaokota mkoba wake chini ya kiti. Njia ya mwongo ni fupi jamani, yangu haikufika hata robo saa.

Tukaomba muda. Tukajificha nyuma ya hema, karibu na tangi la maji: mi, Trésor, mke wangu Irène, na mzee Cirimwami wa kanisani kwetu.

"Kwa nini ulisema Hercule mara mbili?" Irène akanivaa. "Majina yote ya dunia! Simba! Napoleoni!"

"Nilisahau."

"Turudishe ng'ombe kwa aliyetuuzia," Cirimwami akasema.

"Nani ametuuzia? Ni bahasha, Cirimwami!"

"Hata hivyo," Cirimwami akasema. "Angetuambia habari za yule dume."

Trésor alikuwa ameegemea tangi. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Mjomba," akasema, "umenimaliza." Machozi yalikuwa yamemjaa, na ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la dirisha, niliona kivuli cha Ingrid kinatutazama.

Irène ndiye mwenye akili katika nyumba yetu. Akafungua mkoba, akatoa bahasha ya sadaka ya Jumapili, ile ya kanisa yenye msalaba mdogo. Sadaka akaitoa, noti za mahari akazihamisha zote humo.

"Huyu ni ng'ombe mwingine," akasema. "Mama mwingine, baba mwingine. Na safari hii, Byamungu, usitunge. Sema ng'ombe unayemjua."

Bihogo akabaki mtupu. Nikamkunja, nikamtia mfukoni.

Tukarudi. Nikaomba radhi kwa ajili ya Hercule. Nikainua bahasha ya kanisa, nikasema tumeleta ng'ombe mwingine, anaitwa Furaha.

"Mama yake?" Profesa akauliza, tayari amechoka.

"Faida."

"Mama yake Faida?"

"Bahati. Na mama yake Bahati ni Mugeni, na mama yake Mugeni ni Nyange. Nyange aliletwa na bibi yangu kutoka Ngweshe, kule Kivu, kwa miguu, siku nne. Alikuwa mweupe wote, na sikio la kushoto lilichanika kwenye seng'enge."

Profesa akafungua daftari tena. "Lita?"

"Chache. Nyange alitoa lita nne. Bahati alifika sita. Faida tulimpandisha mbegu ya mrija, akatuzalia Furaha, na Furaha akatoa tisa. Hatukuwahi kupata ndoo mbili kwa siku, sitaki kukudanganya."

"Basi ni ng'ombe wa kawaida."

"Kwa lita, ndiyo. Lakini mama yangu akichemsha yale maziwa, utando wa juu ulikuwa mzito mpaka anaukunja na kijiko kama chapati. Wanawake wa Gatumba walikuwa wanakuja kuutazama. Wa Furaha, wa Faida, wa Bahati, utando ule ule."

Kalamu ikasimama. "Wote?"

"Wote."

"Madume yao tofauti?"

"Tofauti kabisa. Moja la jirani, moja la mapadri, moja tulilikuta njiani, simjui hata mwenyewe, na ule mrija."

"Na utando haukubadilika?"

"Mama alisema Nyange aliuleta kutoka Ngweshe."

Profesa alikaa chini. Akavua miwani. Watu wa upande wao wakadhani ameugua, mmoja akamletea Fanta. "Miaka thelathini na moja," akasema. "Vizazi vitano vya majike, madume manne, mafuta yale yale. Nimeandika barua kila mahali nitafutiwe ukoo kama huu. Bwana Byamungu, huyu Furaha yuko wapi? Sitaki mengi. Unyoya mmoja wa mkia tu, nikaupime."

Trésor akanitazama, uso umefunguka, maana kwa mara ya kwanza siku ile tulikuwa tunashinda. Ilibaki niseme yuko malishoni Kajaga, anakula nyasi. Neno moja tu. Lakini nilikuwa nimeshawataja wote, mama na binti na mjukuu, na mdomo ukaendelea wenyewe.

"Alikufa," nikasema.

"Mwaka wa elfu mbili na ishirini, mto ulipoingia Gatumba. Maji yalikuja mpaka magotini, halafu kiunoni. Nikambeba mama mgongoni. Furaha nikamfunga kwenye nguzo ya banda asije akapotea, fundo zuri, nikamwambia narudi sasa hivi. Nilirudi baada ya siku mbili. Mama aliponiuliza, nikamwambia Furaha alikata kamba, akaogelea, yuko upande wa Kongo. Mama akafurahi. Kila aliyetoka Kongo alimuuliza kama ameona ng'ombe mwekundu, mpaka siku aliyokufa. Na fundo nililifunga mimi."

Sijawahi kumwambia mutu. Hata Irène alikuwa hajui. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi.

"Aliacha jike?" Profesa akauliza, sauti ndogo.

"Dume moja. Tulikuwa tumeliuza."

"Dume hapitishi," akasema. "Hata angeacha madume mia. Ukoo umekatika pale kwenye nguzo." Akapangusa macho, kweli kabisa, kwa leso. Kisha akatazama daftari lake, akatazama bahasha, na ualimu ukamrudia. "Lakini basi, bwana Byamungu, umetuletea mahari ng'ombe aliyekufa."

Yesu Maria! Fujo ikaanza. "Ng'ombe mufu? Kwa binti yetu?" Vijana wao wakasimama. Cirimwami akapaza sauti kwamba hakujua, yeye alialikwa tu.

"Ni bahasha!" nikapiga kelele. "Ina noti ndani, nzima kabisa!"

"Ni bahasha ya ng'ombe mufu," Profesa akajibu, na watu wa upande wao wote wakatikisa kichwa kukubali.

Sasa hasira ikanipanda, ile ya kwa Claude, kutoka tumboni. Nilishakunja ngumi. Irène alikuwa ameshika koti langu kwa nyuma. Nikamwona Trésor amefunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yanamtikisika, na nilipofungua mdomo nimtukane Profesa na mitokondria zake, kilichotoka ni kilio. Nililia mbele ya wakwe, mi, mwanamume wa miaka hamsini na nane, nimeshika bahasha ya kanisa.

Mama Dévote akasimama. Siku ile mama wa binti hasemi hadharani, lakini nani angemkataza?

"Méthode, kaa," akasema. Profesa alikuwa ameshakaa, akakaa zaidi. "Mutu amefiwa na ng'ombe. Yuko kwangu, analia, na nyinyi munamuuliza mafuta ya maziwa? Hivi ndivyo tulivyolelewa?"

Akawageukia watu wa upande wetu.

"Kwa mama yangu, mutu akifiwa na ng'ombe hapewi pole ya mdomo. Anashumbushwa. Analetewa ng'ombe mwingine mahali pa yule, ili nyumba isinyamaze. Ninyi mumekaa naye miaka yote hiyo, na hakuna mutu amemushumbusha?"

"Hakuna, Mama," nikasema.

Akaingia ndani. Tukasubiri. Akatoka na bahasha nyeupe, mpya, akapita katikati ya safu mbili za viti, akaniwekea mikononi.

"Jike," akasema. "Ana mimba ya kwanza. Mungu akushumbushe, Byamungu. Na yule mufu mumurudishe kwenu kwa heshima, mumuzike nyumbani. Sisi hatumutaki." Akamtazama Irène. Irène akaichukua bahasha ya kanisa, na mahari yetu yote ndani yake, akaitia mkobani kimya kimya.

Nikashika ile nyeupe. Ilikuwa nyepesi. Sidhani ndani mlikuwa na kitu, na sikufungua, nani hufungua ng'ombe? Lakini nilimsikia yule ng'ombe. Ninyi chekeni tu. Tangu mafuriko yale ya Gatumba mikono yangu ilikuwa haijashika kamba ya ng'ombe, na pale chini ya hema la kukodi nilikuwa na jike, ana mimba, wangu. Moyo ulitulia namna ambayo haukutulia hata siku ya ubatizo wangu.

Profesa akakohoa.

"Samahani. Lakini kwa utaratibu, mahari bado hatujapokea. Yule wa kwanza ana kasoro. Wa pili ni marehemu. Ng'ombe aliye hai hapa ni mmoja tu." Akaitazama mikono yangu. "Na nasaba ya huyo ninayo yote, maana katoka katika nyumba hii."

Watu wote themanini wakanigeukia. Trésor aliondoa mikono usoni. Hakuniomba. Alinitazama tu, kama mama yake alivyokuwa ananitazama zamani tukigawana kipande kimoja cha muhogo, akijua kwamba kikubwa nitampa yeye, na akinihurumia kwa hilo.

"Ana jina?" nikamuuliza Mama Dévote.

"Wako. We ndiye utamupa."

Jina nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini ng'ombe ukishamwita jina humtoi tena, kila mchungaji anajua hivyo. Nikalimeza. Nikavuka uwanja, hatua sita au saba, nikamkabidhi Profesa kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wetu ndiye huyu," nikasema. "Mtunzeni vizuri. Na mvua ikinyesha sana, msimfunge."

Profesa akaandika hilo pia. Halafu Mama Dévote akageukia mlango wa nyumba, akamwita Ingrid.